Kimeng'enya Hakitoki? Anzia Kwenye Ndoo ya Maganda

Mwongozo huu nauandikia wenzetu wa Tanga na pwani yake walioacha kuyaona maganda ya kamba kama takataka za soko la Deep Sea, wakaanza kuyatumia kukuzia bakteria na kuvu wanaotoa kitinesi. Kitinesi ni kimeng'enya kinachokata kitini, na kitini ndicho kinacholipa uimara ganda la kamba na kaa, gozi la mdudu na ukuta wa seli ya kuvu. Viwandani kinatumika kutengeneza N-asetiliglukosamini, yaani sukari mojamoja inayojenga kitini, na vipande vifupi vya kitini kwa ajili ya dawa na virutubisho. Shambani kinatumika kupambana na kuvu na wadudu. Maabara nazo hukitumia kuivua seli ya kuvu ukuta wake kabla ya kuifanyia kazi za jenetiki.

Kazi ikikwama, wengi hulaumu mbegu. Utasikia "bakteria wamechoka", kisha inaagizwa mbegu nyingine kwa bei kubwa na tatizo linarudi vilevile. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya matatizo yanayojitokeza kwenye chupa, kwenye sahani na hata kwenye mashine ya kupimia huwa yameanzia kwenye ndoo ya maganda. Ganda la kamba lililokauka lina kitini takriban robo tu ya uzito wake. Kilichobaki ni protini na chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na usipovitoa vyote viwili vitakufuata hadi mwisho wa kazi.

Dalili: unga wa kitini unatoa povu ukidondoshewa asidi

Hiki ni kipimo cha kwanza, na hakihitaji mashine. Weka kijiko cha chai cha unga mkavu kwenye glasi ya kioo, dondoshea asidi ya hidrokloriki ya molari 1, kisha tazama kwa karibu. Unga safi hunyamaza: tone linazama, unga unalowa, basi. Unga wenye chokaa huanza kuchemka pembezoni mwa tone, vipovu vyeupe vidogo vinapanda mfululizo, na ukitega sikio unasikia sauti nyembamba ya kuchirizika. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye chokaa ambayo hukuimaliza.

Chanzo chake mara nyingi ni asidi kuwa chache, wala si muda kuwa mfupi. Fanya hesabu. Kilo 1 ya maganda makavu ikiwa na chokaa asilimia 40, una gramu 400, sawa na moli 4. Kila moli ya chokaa inakula moli 2 za asidi, kwa hiyo moli 8 zinaisha kabisa, yaani lita 8 za asidi ya molari 1. Anayemimina lita 5 juu ya kilo moja hata akilaza usiku kucha, asubuhi ataikuta chokaa yake inamsubiri, kwa kuwa asidi iliisha zamani. Tumia lita 10 hadi 12 kwa kilo, au gawa mara mbili: loweka, chuja, weka asidi mpya. Asidi ya dukani ya asilimia 37 ina takriban molari 12, kwa hiyo lita 1 ndani ya lita 11 za maji inakupa molari 1. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Chombo kiwe ndoo ya plastiki yenye nafasi ya kutosha juu, maana povu hupanda haraka. Sufuria ya alumini italiwa na asidi hii na pia na kostiki soda ya hatua inayofuata, na alumini ikikutana na kostiki soda hutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kuwaka.

Kuna chanzo kingine ambacho sisi wa pwani tunakipuuza: kuanika maganda juu ya mchanga wa ufukweni. Mchanga wetu umejaa vipande vya makombe na matumbawe, navyo ni chokaa ileile. Unakusanya maganda pamoja na kilo ya chokaa ya bure itakayokula asidi yako. Anika kwenye chanja au kwenye turubai.

Dalili: unga una harufu ya samaki, au umeshikana mabonge ukikauka

Ni protini. Pima hivi: chemsha unga kidogo kwenye kostiki soda, chuja, kisha kwenye maji yaliyotoka tia matone machache ya mrututu (kopa salfeti) ulioyeyushwa kwenye maji. Rangi ikigeuka zambarau, protini bado ipo. Rudia kuosha kwa kostiki soda ya molari 1, yaani gramu 40 kwa lita, kwenye joto la digrii 70 hadi 80 kwa saa mbili hivi, kisha suuza hadi maji yatoke bila utelezi na kipimo cha pH kikaribie 7.

Ikiwa tatizo linajirudia kila mzigo, nenda sokoni ukazungumze na wamenyaji. Vichwa vya kamba vina kiungo cha kumeng'enyea chakula kilichojaa vimeng'enya vya kukata protini. Vikikaa juani vimechanganywa na maganda ya mwili, mzigo mzima unaanza kuoza kabla hujafika nyumbani. Mwombe mama anayekumenyea akutengee: "Shikamoo mama, naomba maganda ya mgongoni peke yake, vichwa weka pembeni, nitaongeza kidogo kwenye bei." Hiyo pesa kidogo inalipa kuliko kostiki soda utakayoirudia mara tatu.

Dalili: unga unayeyuka kwenye siki

Kitini halisi hakiyeyuki kwenye asidi ya asetiki (asidi ya siki) nyepesi ya asilimia 1. Kikiyeyuka na kuwa uteute, umetengeneza kitosani. Ulizidisha ukali wa kostiki soda na joto. Asilimia 40 hadi 50 kwa joto la kuchemka huondoa asetili kwenye kitini. Kitosani kina soko lake, lakini usikitumie kama chakula cha kuwaamsha bakteria watoe kitinesi, wala kama kitu cha kupimia.

Dalili: duara angavu limeonekana kwenye sahani, lakini chupani hakuna kimeng'enya

Hapa ndipo nimeona watu wakikatishwa tamaa zaidi, na kwa haki. Sahani ya agari (jeli ya kukuzia vijidudu) yenye kitini laini huwa na weupe wa maziwa. Kijidudu kikitoa kitinesi, kitini kilichokizunguka kinakatwa, weupe unatoweka na duara angavu linabaki. Ukiinua sahani dhidi ya dirisha unaona mpaka wake wazi, na ndani yake unaweza kusoma maandishi yaliyo nyuma ya sahani.

Lakini chokaa iliyobaki kwenye unga nayo hutia weupe kwenye agari. Bakteria wengi hutoa asidi wanapokula, na asidi ikiyeyusha chokaa unapata duara angavu zuri kabisa lisilohusiana na kitinesi hata kidogo. Ukiyachagua makoloni hayo, utayahamishia kwenye chupa na kusubiri kisichokuja.

Kabla ya kuamini duara lolote, panda koloni hilohilo kwenye sahani ya pili isiyo na kitini bali yenye unga wa chokaa pekee. Likifanya duara na huko, lishuku. Pia ongeza bafa ya fosfeti kwenye agari ili pH isishuke, na rangi ya Kongo nyekundu juu ya sahani, ikifuatiwa na kuosha kwa maji ya chumvi, hukuonyesha vizuri kitini kilipobaki na kilipoondoka.

Ikiwa duara halionekani kabisa hata kwa mbegu unayoijua, angalia kitini chako laini. Hutengenezwa kwa kuyeyusha unga kwenye asidi ya hidrokloriki kali kwenye baridi, kisha kuumimina kwenye maji mengi ya barafu ili kitini kijitenge kama uji mweupe, na kuosha hadi pH ifike karibu na 7. Neno "baridi" hapo lichukuliwe kwa uzito. Chumba cha Tanga mwezi Februari kina digrii 30 na zaidi, na kwa joto hilo asidi kali haiishii kukiyeyusha kitini bali hukikata vipande vinavyopotea na maji ya kuoshea. Dalili yake ni uji kidogo kuliko ulivyotegemea, tena wenye rangi ya kahawia. Nunua barafu kwa wauza samaki, zungushia chombo, na kazi hiyo ifanyike nje upepo ukikupiga mgongoni, kwani mvuke wa asidi kali unaunguza mapafu. Agari iwe nyembamba, kitini kiwe asilimia 0.5 hadi 1, na uvumilie siku 3 hadi 5.

Dalili: chupa imejaa bakteria, kimeng'enya ni kidogo

Kukua ni jambo moja, kutoa kitinesi ni jambo lingine. Kijidudu hutengeneza kitinesi pale tu kinapohitaji. Kikipewa glukosi, peptoni (protini iliyokatwakatwa) nyingi au dondoo nyingi ya hamira, kitashiba huko kwanza na jeni za kitinesi zitabaki zimezimwa. Ondoa glukosi kabisa. Dondoo ya hamira ipunguze hadi iwe ya kuwaamshia tu. Na kumbuka protini iliyobaki kwenye maganda: kwa kijidudu ni chakula rahisi kuliko kitini, kwa hiyo unga mchafu unafanya kazi ileile ya peptoni ambayo wewe unadhani hukuiweka.

Kagua pia hewa. Bakteria kama Bacillus wanataka kutikiswa, mizunguko 150 hadi 180 kwa dakika, kwenye chupa iliyojaa si zaidi ya theluthi moja. Umeme ukikatika usiku, mashine ya kutikisa inasimama na oksijeni inaisha upesi. Kwa karakana isiyo na jenereta ninashauri bila kusita kuvu wa Trichoderma kwenye trei: pumba za ngano zilizochanganywa na unga wa maganda, unyevu wa asilimia 60 hivi, tabaka la sentimita 2 au 3 tu. Tabaka likizidi unene, katikati pana joto la kuvu yenyewe linalojumlishwa na joto la chumba, na Trichoderma ikipita digrii 35 inazorota. Ukitia kidole katikati ya trei na kuhisi moto kuliko pembeni, tandaza upya.

Dalili: pH inapanda, au mchuzi wa kukuzia unafanya mashapo meupe baada ya kuchemshwa kwa presha

pH inayopanda tangu siku ya kwanza ni chokaa tena; rudi kwenye glasi na tone la asidi. Inayopanda siku ya tatu au ya nne pamoja na harufu ya mkojo ni amonia, ambayo bakteria huitoa wanapotumia protini na sukari zenye naitrojeni za kitini. Hiyo ni ya kawaida, ila isipodhibitiwa itaharibu kimeng'enya cha kuvu kinachopenda pH 5 hadi 6. Bafa yenye nguvu zaidi inatosha.

Mashapo meupe baada ya digrii 121 kwa kawaida ni fosfeti iliyokutana na kalsiamu ya maji magumu. Ukichota maji ya kisima kwenye miamba ya chokaa kama ile ya Amboni, usishangae. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyotoneshwa, na chemsha fosfeti kwenye chupa yake peke yake.

Dalili: makoloni mekundu yamejitokeza

Huenda ni Serratia marcescens, ambaye kwa kweli ni bingwa wa kutoa kitinesi na ndiye aliyechunguzwa zaidi. Wekundu wake huonekana kwenye digrii 25 hadi 30 na mara nyingi hupotea kwenye 37. Usifurahie haraka. Bakteria huyu huleta maambukizi hospitalini kwa watu wenye kinga dhaifu, kwa hiyo hafai kukuzwa kwenye karakana ya nyumbani, wala kuuzwa akiwa hai kwa mkulima. Sahani hizo zichemshwe kwa presha kabla ya kutupwa.

Dalili: kipimo kiko juu ajabu, au kinaruka kila ukirudia

Kitendanishi cha DNS (asidi ya dinitrosalisiliki), kinachosomwa kwenye nanomita 540, hupima sukari zote zinazopunguza, yaani zinazotoa elektroni, hakichagui. Sukari iliyobaki kwenye mchuzi itahesabiwa kama kazi ya kimeng'enya. Kwa hiyo kila sampuli iwe na pacha wake: kimeng'enya kilichochemshwa dakika 10 hadi kikafa, kikawekwa na kitini na kukaa muda uleule. Tofauti kati ya hao wawili ndiyo kipimo chako. Asiye na pacha huyo hana namba yoyote ya kumwonyesha mteja.

Kitini ambacho hakijakatwa kikibaki kikielea, kinazuia mwanga na kupandisha usomaji. Zungusha kwenye sentrifuji au acha kitulie, usome maji ya juu tu. Na ikiwa N-asetiliglukosamini ndiyo unayoitafuta, tumia kitendanishi cha dimetiliaminobenzaldihaidi, kinachosomwa kwenye nanomita 585. Ni makini zaidi kwa sukari hiyo.

Dalili: mchuzi ulikuwa na nguvu, baada ya kuchuja nguvu imetoweka

Usiyamwage mashapo! Kitinesi nyingi zina sehemu maalumu ya kujishikiza kwenye kitini. Ukivuna mapema wakati kitini kingali kingi chupani, kimeng'enya chako kimeng'ang'ania huko, na wewe unakitupa pamoja na mashapo huku ukipima maji matupu. Chukua mashapo kidogo, yachanganye na bafa safi, yaweke kwenye digrii 37 kwa saa kadhaa, kisha pima maji yake. Kimeng'enya kitakula kile kilichokishikilia na kuachiwa. Ukikuta nguvu huko, fanya hivyo kwa mzigo wote, au safari ijayo weka kitini kidogo na uvune kinapokaribia kuisha.

Usichelewe kupita kiasi hata hivyo. Siku zikisogea bakteria hutoa pia vimeng'enya vya kukata protini, na kitinesi ni protini. Pima kila siku, chora mstari, vuna kileleni, na ukishavuna weka kwenye barafu papo hapo. Ukitaka kukikusanya kwa amoniamu salfeti, nyunyiza chumvi taratibu kwenye baridi hadi maji yashibe chumvi kwa asilimia 70 au 80. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, povu na chumvi iliyolundikana mahali pamoja vitaharibu sehemu yake. Kwa kuhifadhi, gliserini nusu kwa nusu inakilinda kisigande kuwa barafu kwenye friji ya digrii 20 chini ya sifuri, jambo la maana kwetu ambao umeme hukatika na kurudi. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoua.

Dalili: kinakata kitini laini, kikipewa unga mkavu hakigusi

Kimeng'enya ni kizima. Kitini cha kamba kina minyororo iliyobanana kama singa za mkonge zilizopigwa beli, na kitinesi haipati pa kuingilia. Saga unga uwe laini kabisa. Mashine ya kusagia yenye gololi hulegeza mpangilio huo. Njia nyingine ni kuongeza msaidizi: mwaka 2010 watafiti wa Norwei walionyesha kwamba protini ndogo ya Serratia marcescens iitwayo CBP21 hukata uso mgumu wa kitini kwa njia ya oksidesheni, ikifungua mlango kwa kitinesi. Protini za kundi hilo zinahitaji shaba, oksijeni na kitu cha kuzipa elektroni, kwa mfano asidi askobiki. Tahadhari: asidi askobiki yenyewe huonekana kama sukari kwenye DNS, kwa hiyo pacha wako wa kulinganisha naye awekewe kiasi kilekile.

Kama kitini kimekatwa vizuri lakini kiwanda kinalalamika kwamba N-asetiliglukosamini ni kidogo, umeishia kwenye jozi za sukari mbilimbili. Umekosa N-asetiliglukosaminidasi, inayozitenganisha. Baadhi ya mbegu hutoa vyote viwili kwa uwiano mbaya. Kuchanganya kimeng'enya cha bakteria na cha Trichoderma mara nyingi hutatua. Mteja akitaka vipande vifupi badala ya sukari mojamoja, simamisha kazi mapema kwa kuchemsha.

Dalili: maabara kinaua kuvu, shambani Lushoto mkulima haoni kitu

Uliza kwanza ni ugonjwa gani. Kuvu halisi wana kitini ukutani. Ndiko kilikogunduliwa kwanza, Mfaransa Henri Braconnot alipokitoa kwenye uyoga mwaka 1811. Kwa hiyo mnyauko fuzari na bakajani wahi ni adui wanaoweza kuguswa na kitinesi. Bakajani chelewa ya nyanya na viazi, inayowasumbua sana wakulima wa milima ya Usambara msimu wa ukungu na baridi, husababishwa na Phytophthora infestans, ambayo wakulima huiita kuvu lakini ukuta wake umejengwa zaidi kwa glukani na selulosi. Kuinyunyizia kitinesi ni kumwaga pesa, na mkulima aliyeuziwa hivyo hatanunua tena hata pale ambapo bidhaa ingemfaa. Nenda shambani, tazama jani, na kama hujui kutofautisha magonjwa haya mawili nenda na bwana shamba.

Ikiwa ugonjwa ni sahihi na bado hakuna tofauti, kagua saa ya kunyunyiza. Jua la mchana na jani kavu hukimaliza kimeng'enya upesi. Jioni jani likiwa na unyevu ni bora. Usikichanganye kwenye bomba lililobaki na dawa za shaba, kwani ayoni za shaba hudhoofisha kitinesi nyingi. Kimeng'enya peke yake pia hakikui wala hakijiongezi, ndiyo maana kwa magonjwa ya udongoni napendelea Trichoderma hai inayoendelea kutoa kitinesi kwenye mizizi.

Na kabla hujabandika lebo yoyote ya kuuza kama kiuatilifu, bidhaa isajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Peleka faili lenye vipimo vya kila mzigo pamoja na sampuli pacha zake, na jina kamili la kijidudu ulichotumia.